Madaftari Mawili ya Ryszard Kapuściński

Ukitoka Arusha kuelekea Moshi, kabla hujafika Usa River, unapita Tengeru. Wengi wanaijua kwa soko lake, na kwa Ziwa Duluti lililojificha nyuma ya migomba na mibuni. Wachache wanajua kwamba jirani na chuo cha mifugo pale yapo makaburi ya Wapolandi, misalaba imepangwa safu kwa safu, na majina yaliyoandikwa juu yake yanampa shida mtu aliyezoea silabi zetu. Kuanzia mwaka 1942 hapo palikuwa na kambi ya wakimbizi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Askari wa Stalin walikuwa wamewatoa makwao mashariki mwa Polandi, wakawapakia katika mabehewa ya mizigo hadi Siberia na Kazakhstan. Vita vilipogeuka waliruhusiwa kuondoka, wakashuka kupitia Iran mpaka bandari za Afrika Mashariki. Wengine walipelekwa Masindi na Koja kule Uganda, wengine Ifunda, Kidugala na Kondoa. Waliokufa Tengeru ndio hao waliobaki hadi leo.

Naanzia hapo kwa sababu mtu ninayemsimulia angeweza kabisa kukulia Tengeru, akicheza kando ya Duluti na kuokota Kiswahili chake kwa wauza ndizi. Alizaliwa katika ardhi ileile iliyowazaa wale waliolala pale, na alipokuwa na miaka saba balaa lileile lilibisha hodi mlangoni kwao. Kilichomwokoa ni miguu ya mama yake. Alikuja Tanganyika zaidi ya miaka 20 baadaye, kwa njia yake mwenyewe, akiwa mwandishi wa habari.

Ryszard Kapuściński alizaliwa tarehe 4 Machi 1932 katika mji wa Pińsk, nchi ya vinamasi iitwayo Polesie. Leo mji huo uko Belarusi. Wakati ule ulikuwa Polandi. Ni mahali ambapo mito inagawanyika, inakutana, inagawanyika tena, na wanakijiji walileta mboga na samaki sokoni kwa mashua. Wakazi wengi wa mji walikuwa Wayahudi, wakiishi pamoja na Wapolandi, Wabelarusi na wengineo. Baba na mama yake walikuwa walimu wa shule. Mtaa wao uliitwa Błotna, yaani Mtaa wa Matope, na jina lilisema kweli.

Tarehe 17 Septemba 1939, wiki mbili na ushei baada ya Wajerumani kuingia Polandi kutoka magharibi, Wasovieti waliingia kutoka mashariki. Miaka mingi baadaye, katika kitabu chake Imperium, Kapuściński alisimulia shule ya majira yale. Darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja, cha Stalin, na humo ndimo watoto walimofundishwa herufi za Kirusi. Majira ya baridi yalipoanza, treni za kuhamisha watu zilianza pia, na madawati yakawa yanabaki matupu moja baada ya jingine. Mwenzako yupo leo, kesho hayupo, na mwalimu haulizi. Alisimulia pia usiku ambao watoto walipanga foleni kwenye theluji mpaka asubuhi kwa sababu duka lingeuza peremende. Duka lilipofunguliwa, peremende hazikuwapo. Waligawiwa makopo matupu yaliyokuwa na peremende zamani. Wakayabeba nyumbani, yakasuuzwa kwa maji ya moto, wakanywa yale maji yenye utamu kidogo.

Mama yake hakusubiri zamu yao ifike. Mwaka 1940 aliwachukua Ryszard na dada yake mdogo, akavuka nao mpaka kuelekea upande uliokuwa chini ya Wajerumani, wakaishia Sieraków, kijiji cha karibu na Warsaw. Huko walinusurika na Siberia, ila njaa waliikuta. Kapuściński hakuchoka kusimulia habari ya viatu: majira ya baridi yalipokaribia hana viatu, akauza vipande vya sabuni ili apate pesa ya kununua jozi moja. Nyuma yao, Pińsk waliyoiacha ilikwisha. Kati ya 1941 na 1942 Wajerumani waliwaua karibu Wayahudi wote wa mji ule. Aliyekuwa mtoto wa mji huo alibaki na mji wa kichwani tu, na aliubeba kila alikokwenda. Fadhila zake zote kama mwandishi, na makosa yake makubwa pia, nayaona yametoka kwenye mzigo huo.

Vita vilipokwisha alikuwa kijana wa Warsaw, mji uliogeuzwa kifusi. Alianza na mashairi, akasoma historia katika Chuo Kikuu cha Warsaw, akaandikia gazeti la vijana liitwalo Sztandar Młodych, akajiunga na chama kilichotawala. Aliamini kweli. Kwa mtoto aliyeuza sabuni ili avae viatu, ahadi ya nchi isiyo na masikini haikuwa maneno ya jukwaani. Lakini mwaka 1955 alikwenda Nowa Huta, mji mpya wa kiwanda cha chuma kando ya Kraków ambao serikali ilikuwa ikiusifia usiku na mchana, akarudi na habari za wafanyakazi wanaoishi kwa dhiki, ulevi na kukata tamaa. Makala ilizua mtikisiko, na ikambidi ajifiche kwa muda. Kisha wakubwa wakachunguza, wakakuta aliyoyaandika ni kweli, na mwandishi akapewa nishani. Alikuwa na miaka 23.

Mwaka uliofuata gazeti lilimtuma India. Hakuwa amewahi kutoka nje ya Ulaya, na Kiingereza hakukijua. Mhariri wake, Irena Tarłowska, alimpa kitabu cha safari: Historia ya Herodotus, Mgiriki aliyezunguka dunia ya zama zake akiuliza watu maswali. Kapuściński alikwenda nacho India, kisha China, kisha Afrika, na karibu miaka 50 baadaye kikamzalia kitabu chake cha mwisho kikubwa, Podróże z Herodotem, safari pamoja na Herodotus. Kwa mtu aliyetoka nchi iliyofungwa, kuvuka mpaka kulikuwa tukio la mwili mzima. Alisema mwenyewe kwamba alichokitamani mwanzoni ni kuvuka tu, upande wowote.

Afrika aliifikia mwaka 1958, Accra ya Kwame Nkrumah. Mwanzoni mwa 1961 alijipenyeza Kongo pamoja na waandishi wenzake kutoka Czechoslovakia, kwa barabara kupitia Sudan, mpaka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Ilikuwa safari ya wazimu. Habari za kuuawa kwa Patrice Lumumba zilipofika mjini, mzungu yeyote aliyeonekana barabarani alikuwa hatarini, awe Mbelgiji asiwe Mbelgiji. Walitoka kwa ndege hadi Usumbura, wakakamatwa na askari wa Kibelgiji, wakaachiwa baada ya siku kadhaa. Kisha, mapema 1962, shirika la habari la Polandi, PAP, lilimpeleka Dar es Salaam awe mwakilishi wake wa kwanza wa kudumu barani Afrika. Mtu mmoja, bara zima.

Dar es Salaam aliyoikuta ilikuwa na bendera mpya na mipaka ya zamani: Uzunguni kule Oyster Bay, Uhindini katikati ya mji na Upanga, Uswahilini Kariakoo na Ilala. Alijikuta amewekwa Uzunguni na ngozi yake kabla hajafungua mdomo. Jambo hilo lilimwumiza, na kurasa alizoliandikia katika Heban, kitabu chake cha Afrika cha mwaka 1998, ni miongoni mwa kurasa zake za kweli kabisa. Alijaribu kuwaeleza watu kwamba Polandi nayo ilitawaliwa. Kwamba kati ya 1795 na 1918 majirani watatu waliigawana mpaka jina likafutika kwenye ramani. Kwamba yeye mwenyewe alikaa foleni ya mkate chini ya mtawala mgeni. Waliomsikiliza hawakuamini. Mzungu kumtawala mzungu? Kwa nini?

Jioni alikaa kwenye baraza ya hoteli ya New Africa, walipokutana wapigania uhuru wa kusini mwa bara. FRELIMO ya Msumbiji iliundwa mjini humo Juni 1962. Wasauzi, Warhodesia na watu wa Angola walipita pale na masanduku yao na mipango yao. Kwa mwandishi asiye na fedha, baraza hiyo ilikuwa chuo. Mashirika makubwa ya Magharibi yaliweza kukodi ndege kila palipolipuka jambo. Yeye alidandia malori, akalala vijijini, akala alichokuta. PAP ilikuwa ikihesabu kila neno la teleksi kwa kuwa fedha za kigeni zilikuwa haba, hivyo habari alizotuma Warsaw zilikuwa kavu na fupi: nani amepindua nani, bunge limepitisha nini. Hilo lilikuwa daftari la kwanza. La pili alilitunza kwa ajili yake mwenyewe, na humo alitia yote yasiyoingia kwenye teleksi: harufu ya gereji, kimya cha watu kituoni, joto la saa nane, jinsi woga unavyokaa tumboni. Vitabu vyake vilitoka hasa daftari la pili.

Oktoba 1962 alikwenda Kampala kwa sherehe za uhuru wa Uganda. Walisafiri yeye na Mgiriki mmoja kwa Land Rover kutoka Dar es Salaam, wakapotea njia, wakalala katika kibanda kilichokuwa na swila chini ya kitanda, wakapambana naye kwa debe la petroli. Alipofika Kampala hakuona sherehe. Malaria ilikuwa imempanda kichwani, akaanguka, akazindukia katika hospitali mpya iliyofunguliwa kwa ajili ya uhuru huo. Aliporudi Dar es Salaam akiwa gofu la mtu, aliamka usiku mmoja akakuta damu kwenye mto. Kifua kikuu.

Angetoa taarifa Warsaw, wangemrudisha, na asingepata tena nafasi ya kutoka. Kwa hiyo alinyamaza. Alikwenda zahanati ya watu wa kawaida, matibabu bure, akakaa kwenye benchi pamoja na wakohozi wenzake, akachomwa sindano siku baada ya siku. Vijana wawili wahudumu wa pale ndio waliomzoea kwanza, wakawa marafiki, wakamtembelea. Anasimulia kwamba ugonjwa ulimfanyia kazi ambayo maelezo yake yote juu ya historia ya Polandi yalishindwa kuifanya. Mzungu mwenye afya na gari alikuwa bwana mkubwa. Mzungu aliyekonda, anayekohoa foleni moja na wewe, ni mgonjwa mwenzako, unamsogezea nafasi. Nikisoma kurasa hizo nakumbuka yale makopo ya peremende. Hapo kwenye benchi, nadhani, Pińsk na Dar es Salaam zilikutana ndani yake, na ndipo alipoanza kuandika kama alivyoandika baadaye.

Baadaye alihamia Nairobi, na ni akiwa Nairobi aliposikia kwamba usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Zanzibar imepinduliwa. Aliwahi kukutana na Abeid Karume huko Dar es Salaam, na kufahamiana huko kulifungua mlango: yeye na wenzake wachache walifika kisiwani kwa ndege ndogo siku za mwanzo kabisa, wakati uwanja umefungwa kwa wageni na kiongozi wa mapinduzi, John Okello, anatangaza adhabu redioni. Kuingia kulikuwa rahisi kuliko kutoka. Walijaribu kutoroka usiku kwa mashua, dhoruba ikawapiga, wakatupwa tena kwenye ufukwe uleule wa Unguja. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, wanajeshi waliasi katika kambi ya Colito, inayoitwa leo Lugalo, kisha moto ukaenea hadi Uganda na Kenya. Ndani ya mwezi mmoja Afrika Mashariki nzima ilitikisika, na Wapolandi waliofungua gazeti asubuhi waliyapata hayo kupitia kwa mtu huyu mmoja mwenye mapafu yaliyotoboka.

Nigeria ilifuata. Lagos alipanga chumba uswahilini kabisa, katika kichochoro, na wezi walimwibia kila alipopiga mguu nje. Jirani akamshauri aende sokoni kwa mganga anunue manyoya ya jogoo mweupe, ayatundike juu ya mlango. Akayatundika. Wizi ukakoma. Januari 1966, magharibi mwa nchi hiyo, alipita barabara ambayo wafuasi wa chama cha upinzani walikuwa wameiwekea vizuizi vya moto, akamwagiwa petroli, akasalimika kwa kutoa fedha zote alizokuwa nazo. Kwa nini alikwenda akijua? Alijibu kwamba alitaka kuona kama kweli hakuna mzungu anayeweza kupita akatoka hai. Jibu hilo silipendi, lakini ni lake.

Miaka ya Amerika ya Kusini na ya Kati naipita haraka. Alikaa huko kuanzia 1967 hadi 1972, akashuhudia Julai 1969 vita vya Honduras na El Salvador vilivyodumu saa 100 hivi na vilivyopewa jina la vita vya kandanda. Jina hilo ndilo aliloliweka kwenye kitabu chake maarufu cha mwaka 1978, ingawa kiini cha vita vile kilikuwa ardhi na wakulima wasio na ardhi, na hilo alilieleza vizuri.

Mwaka 1975 alikuwa Luanda. Wareno walikuwa wanaondoka Angola kabla ya uhuru wa tarehe 11 Novemba, na kila familia ilikuwa inapigilia misumari makasha ya mbao na kutia humo kila kitu. Aliandika juu ya mji wa mbao uliojengwa ndani ya mji wa mawe, kisha ukapakiwa melini na kusafiri, ukiacha mji wa mawe mtupu. Wakaondoka polisi, wakaondoka wazima moto, wakaondoka wazoa taka, mwisho mbwa waliotelekezwa. Yeye alibaki hotelini, akituma teleksi moja kila usiku, akisafiri mchana hadi mstari wa mbele na vijana wa MPLA, wapigania uhuru wa Angola, waliovaa viatu visivyolingana. Kitabu kilichotoka humo, Jeszcze dzień życia, ndicho ningempa msomaji anayetaka kuanza na Kapuściński. Ndani yake madaftari yote mawili yamo, na teleksi zenyewe zimenukuliwa, hivyo unaona wazi wapi ripoti inaishia na wapi mtu anaanza.

Kitabu kilichompa umaarufu duniani ni kingine. Tarehe 12 Septemba 1974 wanajeshi walimwondoa madarakani Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, na Kapuściński akaenda Addis Ababa. Usiku alipelekwa kisirisiri kuwatafuta watu waliowahi kuhudumu ikulu, wengi wao wakiwa mafichoni. Mwaka 1978 jarida la Kultura mjini Warsaw lilianza kuchapa simulizi zao sehemu baada ya sehemu, kisha zikawa kitabu, Cesarz, yaani Mfalme wa Wafalme. Kila msimulizi ametajwa kwa herufi za mwanzo tu. Yupo aliyekuwa na kazi ya kumwekea mfalme mto wa miguu ili miguu isining'inie kwenye kiti cha enzi. Yupo ambaye kwa miaka kumi kazi yake ilikuwa kufuta viatu vya wakubwa kwa kitambaa cha atlasi baada ya Lulu, kijibwa cha mfalme, kuvikojolea. Ikulu nzima inaishi kwa kunong'ona, kuchongea na kusubiri kutazamwa na jicho moja.

Wapolandi waliposoma walishika pumzi. Mkaguzi wa serikali angekataza nini? Ni Ethiopia. Lakini kila msomaji aliona hapo ofisi ya Edward Gierek, katibu wa kwanza wa chama chao, na watumishi wake wanaosifu maendeleo huku maduka yakiwa matupu. Kapuściński alikuwa amekwenda mbali kwa makusudi. Ili kupata sauti ya wale watu wa ikulu, alichimbua maandishi ya kale ya Kipolandi, akakusanya maneno yaliyokwishakufa, akawavika nayo Wahabeshi. Kwa Kipolandi, inasemekana, matokeo yake ni muziki. Mwaka 1983 kitabu kilitoka kwa Kiingereza, mwaka 1987 kikachezwa jukwaani London katika ukumbi wa Royal Court, na kikawa kisomo cha dunia juu ya udikteta.

Je, na Waethiopia? Swali hilo lilichelewa sana kuulizwa. Wanahistoria wa nchi hiyo walisema kwamba lugha ya unyenyekevu wanayoitumia wahusika haifanani na Kiamhara cha ikulu, na vyeo kadhaa vya heshima havijulikani. Kitabu kinasema mfalme hakuwa na tabia ya kusoma; waliomfahamu wanasema alisoma, na Kifaransa alikijua vizuri. Wakosoaji, miongoni mwao Mwingereza John Ryle, waliuliza jambo gumu zaidi: kama mtu angeiandikia Ufaransa au Ujerumani namna hiyo, mashahidi wasio na majina, mambo ya kuchekesha yasiyothibitika, nani angekiita kitabu hicho habari? Uhuru ambao Ulaya isingempa kuhusu nafsi yake ilimpa bila kusita kuhusu Addis Ababa.

Mimi nalishika swali hilo kwa mikono miwili, kwa sababu linatugusa. Chukua sangara. Katika Heban kuna samaki mkubwa wa kutisha sokoni Kampala, na msomaji anaambiwa kwamba samaki wa Ziwa Victoria walinenepa kwa kula maiti za watu waliouawa na Idi Amin. Kwamba maiti zilitupwa majini katika utawala ule ni kweli, na ni msiba ambao familia nyingi za Uganda bado zinauishi. Lakini sangara alipandikizwa katika ziwa lile miaka ya 1950, katika utawala wa kikoloni, akala furu na samaki wengine wadogo mpaka karibu akawamaliza, na ndiyo sababu ya ukubwa wake. Mvuvi yeyote wa Mwanza au Jinja angemweleza. Picha ya samaki mla maiti ni ya kutisha na haisahauliki, na mtu aliyekula sangara jana usiku anabaki ameduwaa: huyu ameandika juu yetu, hakutuuliza?

Inauma zaidi kwa kuwa alijua kuuliza. Mwanzoni mwa kitabu hichohicho anaonya kwamba bara hili ni kubwa mno kuelezeka, kwamba neno Afrika ni jina la kurahisishia mambo. Kisha anageuza ukurasa na kutuambia Mwafrika anauonaje wakati, Mwafrika anaishije gizani, kana kwamba Mdigo, Mtutsi na Myoruba walizaliwa tumbo moja. Mahali alipokaa, akaugua, akangoja basi lijae, anaona vizuri kuliko wengi waliozaliwa hapo. Mahali alipoharakisha, aliazima kutoka kwenye mji wake wa kichwani, akaujaza wafalme wa Kipolandi na mizimu ya vita vyake.

Agosti 1980 wafanyakazi wa kiwanda cha kuunda meli cha Gdańsk waligoma, na Kapuściński alikuwapo, safari hii nyumbani. Mwezi uliofuata Gierek aliondoka. Tarehe 13 Desemba 1981 jeshi lilitangaza sheria ya kijeshi, jarida lake likafungwa, naye akakirudisha kitambulisho cha chama. Alitoa Szachinszach kuhusu anguko la Shah wa Iran, kisha akaizunguka Dola ya Kisovieti ilipokuwa inavunjika, na kutoka huko kikatoka kitabu Imperium mwaka 1993. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Prince of Asturias ya Hispania. Gabriel García Márquez, Mkolombia aliyeanza kazi gazetini kabla ya riwaya, alimwalika akafundishe vijana waandishi wa Amerika ya Kusini. Alifariki Warsaw tarehe 23 Januari 2007, akiwa na miaka 74.

Miezi michache baadaye toleo la Kipolandi la Newsweek lilifichua kwamba alikuwa na jalada katika idara ya ujasusi ya serikali ya kikomunisti. Jalada lilionyesha alishirikiana nao katika miaka ile ya safari, na pia kwamba alichowapa hakikuwa na thamani kubwa kwao. Kwa mwandishi wa wakati ule, pasipoti ilikuwa na bei, na yeye alilipa. Mwaka 2010 Artur Domosławski, mwandishi kijana aliyekuwa rafiki na mwanafunzi wake, alichapisha wasifu wake. Mjane, Alicja, alikwenda mahakamani kuzuia kitabu, akashindwa. Domosławski alifuata nyayo nchi kwa nchi, akakuta kwamba majalada ya vitabu yaliyodai Kapuściński alijuana na Lumumba na Che Guevara yalidai uongo, na mwenye vitabu hakuyasahihisha. Aliipima hata hadithi aliyoisimulia Kapuściński, ya baba yake kutoroka kutoka kundi la maofisa waliopelekwa kuuawa na Wasovieti huko Katyn, akaona haisimami.

Wapo Polandi waliomwona Domosławski msaliti. Mimi namwona kama mwanafunzi aliyelichukua somo la Nowa Huta kwa uzito kuliko mwalimu wake: nenda ukaone, rudi useme, hata wakubwa wakikasirika. Msomaji alistahili kuambiwa ameshika daftari lipi. Kapuściński angeyaita maandishi yake riwaya pale yalipokuwa riwaya, asingepungukiwa kitu. Kurasa za zahanati ya Dar es Salaam zingebaki na nguvu ileile, na za Luanda pia.

Katika dari ya nyumba yake Warsaw aliacha chumba kilichojaa vitabu, karatasi na vipande vya maandishi vilivyobandikwa hadi kwenye boriti. Kwa miaka mingi alizungumzia kitabu kimoja alichotaka kukiandika, kuhusu Pińsk: mashua za sokoni, majirani wa dini na lugha mbalimbali, Mtaa wa Matope. Alirudi kuutembelea mji, akapita pale walipokuwa wakiishi. Kila mara lilitokea bara jingine, mapinduzi mengine, akakiahirisha. Nyumba ya mtaa ule sasa ina bamba la ukumbusho lenye jina lake. Kitabu hakikuandikwa.